Junkyard Dog: kipaji au bahati ya kupangiwa vizuri?

Mwaka 1980 timu ya soka ya Kimarekani ya New Orleans, Saints, ilicheza mechi 16 ikashinda moja. Mashabiki wake waliona aibu hadi wakawa wanakwenda uwanjani wamejivika mifuko ya karatasi kichwani. Agosti ya mwaka huohuo, kabla msimu haujaanza, watu zaidi ya 20,000 waliingia katika jengo lilelile la Superdome kwa sababu nyingine kabisa. Walilipa kiingilio kumtazama mwanamieleka mweusi aliyetangazwa kuwa amepofuka, akipigana ndani ya kizimba cha chuma huku shingo yake imeunganishwa kwa mnyororo na shingo ya mbaya wake ili asiweze kumkimbia.

Mtu huyo aliitwa Sylvester Ritter. Ulingoni alikuwa Junkyard Dog, yaani mbwa anayelinda uwanja wa vyuma chakavu, na mashabiki wengi humtaja kwa kifupi, JYD. Wapenzi wa mieleka ya zamani ya Marekani hawajamaliza kubishana juu yake mpaka leo. Upande mmoja unasema alikuwa miongoni mwa wakubwa wa zama zake. Upande wa pili unasema hakujua mieleka, ila alipata promota mwenye akili na wapinzani waliomfichia udhaifu. Mimi nilianzia upande huo wa pili, na nilikaa huko miaka kadhaa.

Ubishi huu haueleweki bila kujua mieleka ile ilivyoendeshwa. Kabla ya katikati ya miaka ya 1980 hapakuwa na kampuni moja iliyotawala Marekani nzima. Nchi iligawanyika katika himaya za mapromota, kila mmoja na miji yake, kituo chake cha televisheni na mabingwa wake. Wengi wao walikuwa katika umoja ulioundwa mwaka 1948, National Wrestling Alliance, wakiheshimiana mipaka na kuchangia bingwa mmoja wa dunia aliyezunguka kwa zamu. Memphis ilikuwa na Jerry Lawler kila Jumatatu usiku katika Mid-South Coliseum. Dallas ilikuwa na ndugu wa Von Erich katika ukumbi wa Sportatorium. Louisiana, Mississippi, Oklahoma na Arkansas zilikuwa chini ya Bill Watts, mwanamieleka aliyegeuka promota, na kampuni yake iliitwa Mid-South.

Maana ya mpangilio huo ni kwamba mwanamieleka wa himaya alitazamwa na watu walewale, katika ukumbi uleule, wiki baada ya wiki. Mtu aliyetoa pesa yake leo ilibidi ashawishiwe aitoe tena baada ya siku saba au kumi na nne. Matokeo yalipangwa, ndiyo, lakini hakuna promota aliyeweza kumpangia mtazamaji anunue tiketi.

Nianze na wanaomkosoa, kwa sababu hoja yao si ya wivu. Ukitazama kanda za JYD utaona mtu mwenye mbinu chache: ngumi, vichwa, ile tabia yake ya kupiga magoti na mikono chini kama mbwa kisha kumgonga mpinzani kichwa, na hatimaye kumbeba mzobemzobe na kumbamiza mgongo. Ndivyo ilivyokuwa mwezi huu na ndivyo ilivyokuwa mwaka uliofuata. Mapambano yake yalikuwa mafupi, na yaliporefuka alihema. Hakuwa mtu wa kufunga kabari na kuzifungua, wala wa kukupeleka dakika 40 ukiwa umekaa ukingoni mwa kiti.

Mweke kando ya Ted DiBiase waliyekuwa naye Mid-South. DiBiase alikuwa mtoto wa ulingo. Baba yake wa kambo, Mike DiBiase, alifia ulingoni mwaka 1969. Kila hatua yake ilikuwa na sababu. Akipigwa, uliona maumivu yanatoka begani yanashuka kiunoni. Akikosa shabaha, aliikosa kwa namna iliyokufanya uamini kwamba nusura ingempata mtu. Au mlinganishe na Dynamite Kid, Mwingereza aliyepitia himaya ya Calgary nchini Kanada mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambao Ritter naye alipigana huko kwa jina la Big Daddy Ritter. Kid alitembea ulingoni kama risasi, na mapambano yake na Tiger Mask nchini Japani tangu 1981 yalibadilisha kipimo cha mashabiki. Huo ndio wakati ambapo mwandishi wa mieleka Dave Meltzer na jarida lake la Wrestling Observer walizoeza wasomaji kulipatia kila pambano nyota, kama tunavyompa mwanafunzi alama. Kwa kipimo hicho JYD hafiki popote, na sioni namna ya kusema kwamba kipimo hicho ni uongo. Kinapima kitu cha kweli.

Kilichonitoa upande huo ni kisa chenyewe cha 1980, nilipokifuatilia mwanzo mpaka mwisho badala ya kutazama lile pambano la mwisho la kizimbani peke yake.

Kundi la wabaya watatu, Fabulous Freebirds, lilimmwagia JYD machoni dawa ya kunyonyoa nywele. Watazamaji wakatangaziwa kwamba amepofuka. Mkewe alikuwa amejifungua, na wakaambiwa baba hawezi kumwona binti yake mchanga. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua steringi akionewa hivyo ukumbi unavyokuwa, lakini kule mambo yalivuka kiwango cha kushangilia. Inasimuliwa kwamba katika onyesho mojawapo shabiki mmoja aliruka kizuizi akiwa na bastola, akamwelekezea Michael Hayes wa Freebirds, na kumwambia JYD asihofu, yupo wa kumlinda. Watu walikuwa na uchungu wa kweli. Na yule aliyesimama mbele yao, macho yamefungwa, hakuhitaji mbinu 12 za kurusha watu. Alihitaji kuaminika kwamba ni baba asiyeona. Hilo alilifanya kwa sauti yake, kwa mwili wake, kwa jinsi alivyopapasa hewa.

Nauliza: hicho si kipaji? Ukisema ni uigizaji tu, nakubali, lakini DiBiase anapoonyesha maumivu ya bega naye anaigiza. Tofauti ni kwamba uigizaji wa DiBiase unaonekana katika dakika 20 za pambano, wakati wa JYD ulitandazwa katika majuma mengi, na kanda moja haiwezi kuubeba.

Hapa pana jambo ambalo wabishi wengi hulipita haraka. Kanda tulizo nazo za mieleka ya mikoani nyingi ni za vipindi vya televisheni. Mid-South ilirekodi vyake katika ukumbi mdogo wa klabu ya vijana ya Irish McNeil, mjini Shreveport. Kazi ya kipindi kile ilikuwa kuwatamanisha watu waende kwenye maonyesho makubwa: pambano la dakika tatu dhidi ya mtu asiyejulikana, mahojiano, ugomvi unaokatizwa kabla haujaisha. Maonyesho yenyewe, yale watu waliyoyalipia, mengi hayakurekodiwa, na yaliyorekodiwa mara nyingi yaliokolewa vipande vipande. Kwa hiyo tunamhukumu mpishi kwa harufu iliyotoka dirishani. Hili halimfanyi JYD kuwa fundi wa kabari, ila linatakiwa litupunguzie uhakika tunapotoa alama.

Lawler wa Memphis ameonewa hivyohivyo. Kuna watu wanaomtoa kwenye orodha ya wakubwa kwa sababu silaha yake ilikuwa ngumi. Lakini tazama ngumi hiyo. Inafika usoni ikionekana imevunja taya, na mpigwaji anarudi nyumbani mzima. Tazama anavyosubiri, anavyozidiwa mpaka watu wanakata tamaa, kisha anashusha mkanda wa begani wa vazi lake na ukumbi mzima unajua sasa zamu imegeuka. Aliuza tiketi katika mji uleule kwa miaka mingi kwa silaha hizo. Kati yake na JYD naona tofauti kubwa moja: Lawler angeweza kumbeba mpinzani mbovu mpaka pambano likaeleweka, JYD hakuweza. Hapo wakosoaji wana haki.

Hoja yao nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mgawo wa sifa. Nani alimtengeneza? Watts alifanya jambo ambalo mapromota wa Kusini hawakuwa wamelifanya: alimweka mtu mweusi kuwa nguzo kuu ya kampuni nzima, si msaidizi wa steringi mzungu. Nyuma ya pazia alikuwepo Ernie Ladd, mwanamieleka mweusi aliyewahi kucheza soka ya Kimarekani ya kulipwa, akishiriki kupanga nani apambane na nani. Freebirds walitoa chuki. Mwaka 1982 DiBiase, aliyekuwa akionyeshwa kama rafiki wa chanda na pete wa JYD, alivaa glovu nyeusi iliyofichwa kitu kizito ndani, akamwangusha na kuchukua mkanda wake wa ubingwa. Usaliti ule uliuza tiketi kwa miezi, na fundi wake mkuu alikuwa DiBiase.

Nakubali yote hayo, na bado hesabu haifungi. JYD alipoondoka mwaka 1984 kwenda WWF, kampuni iliyokuja kutawala mieleka ya Marekani nzima, Watts alikuwa bado na kichwa kilekile, ukumbi uleule na watazamaji walewale weusi wa New Orleans waliokuwa na kiu ya shujaa wao. Akamgeuza Butch Reed, mwanamieleka mwingine mweusi, kutoka mbaya kuwa mwema. Reed alikuwa na misuli zaidi, pumzi zaidi, na ulingoni alimzidi JYD bila ubishi. Hakulijaza lile pengo. Watts akajaribu na wengine, nao hawakufika. Kama siri ingekuwa ni upangaji peke yake, mmoja wao angefika.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Mid-South ilifanya vizuri sana mwaka 1984 kwa vijana wepesi wa Rock 'n' Roll Express na wapinzani wao Midnight Express, yaani mbinu nazo ziliuza. Ni kweli. Lakini onyesho kubwa la Superdome la Aprili mwaka huo lilimrudisha Watts mwenyewe ulingoni, na mwenza aliyesimama naye alikuwa Stagger Lee, mtu aliyevaa barakoa. Barakoa ile ilitoka mwaka 1982, JYD aliposhindwa pambano ambalo mshindwa anafukuzwa mjini. Muda si mrefu akatokea Stagger Lee, mwenye kifua kilekile, mwendo uleule na vichwa vilevile. Kila mtu ukumbini alimjua na kila mtu alifurahi kumtunzia siri. Sijui mtu wa aina gani anaweza kufunikwa uso na akabaki anapendwa vilevile, kama si mwenye kitu ambacho nyota za Meltzer hazikigusi.

Kuna jambo moja linanisumbua, na nisingependa kulifunika kwa sifa. Shujaa huyu mweusi wa Kusini mwa Marekani alipewa jina la mbwa, akavishwa ukosi wa mbwa na mnyororo shingoni. Wapo wanaosema watazamaji weusi waliugeuza mnyororo ule kuwa silaha, kwamba walipouona mkononi mwake walijua leo mnyanyasaji atalipa. Naamini waliuona hivyo. Lakini aliyebuni sura ile hakuwa mmoja wao, na ninapomwona Ritter anatambaa kwa magoti kabla ya kugonga kichwa, furaha yangu haikamiliki. Tunaposema kipaji chake kilikuwa kubadilisha alichopewa, tukumbuke pia alipewa nini.

WWF ilimchukua akiwa tayari ameanza kunenepa, akazungushwa nchi nzima kwa watu ambao hawakujua lolote kuhusu dawa ya machoni wala glovu nyeusi. Alishinda mashindano ya The Wrestling Classic Novemba 1985, watoto walipanda ulingoni kucheza naye dansi, na hakuwahi kushika mkanda wa kampuni hiyo. Kanda nyingi zinazotumiwa kumdharau ni za miaka hii. Mtu wa himaya aling'olewa kwenye udongo wake, na mwili ulikuwa unakwisha. Mid-South nayo haikudumu. Watts aliiuza mwaka 1987.

Kwa ufundi wa ulingo nampa DiBiase, bila kusita. Lakini kama mabishano ni nani alikuwa na kipaji cha kazi ile ya mikoani, ya kumrudisha mtu yuleyule kwenye kiti kilekile, namweka JYD juu ya DiBiase, na juu ya Dynamite Kid pia, ambaye mwili wake ulilipa kila nyota aliyopewa hadi akaishia kwenye kiti cha magurudumu.

Juni 1998, akiwa na miaka 45, Ritter alifariki katika ajali ya gari huko Mississippi. Alikuwa njiani akirudi kutoka kwenye mahafali ya sekondari ya binti yake.