Nilivyokufa Lowell, mama akanifuata makaburini

Mi nilitafutwa niwe maiti. Kazini kuna mzee mmoja anaigiza na kikundi cha mtaani hapa Lowell, Massachusetts, watu wazima tu wanaotoka vibaruani jioni wanaenda kukariri, na msimu ule walikuwa wanafanya igizo la Our Town la mwandishi Mmarekani Thornton Wilder, lile lililompa tuzo ya Pulitzer mwaka 1938, afu wakapungukiwa wafu. Akanifuata saa ya lanchi akaniuliza kama naweza kukaa kwenye kiti muda mrefu bila kutikisika wala kusema kitu. Nikamwambia mzee, mi nimewahi kufuatilia pasipoti, hiyo kazi naijua.

Sasa mama yangu mzazi alikuwa kaja kutoka Tanga kwa ajili ya uzazi wa mke wangu, Kiingereza chake kinaishia good morning, lakini kusikia mwanawe yuko kwenye mchezo akasema habaki nyumbani. Basi akakaa na mkwewe mstari wa mbele, mke wangu na tumbo lake anamnong'oneza tafsiri, na mama anajibu. Tatizo mama hajui kunong'ona.

Na hili igizo ndo baya kabisa kumletea mtu wa hivyo, maana Wilder alikataa mapambo. Pazia hakuna, kuta hakuna, ni meza mbili na viti, na vifremu viwili vya kutambalia maua ambavyo Meneja wa Steji anakwambia kabisa vimewekwa kwa wale wanaoona lazima kuwe na mandhari. Huyo Meneja ni mhusika, anaongea na watazamaji, anahamisha viti mwenyewe. Kina mama wa Grover's Corners, kijiji cha kubuni huko New Hampshire, wanapika chai ya asubuhi ya mwaka 1901 kwa mikono mitupu. Mi niko nyuma nasubiri kufa nasikia sauti ya Tanga ukumbi mzima: "Hawa wamehama? Vyombo viko wapi?" Mke wangu, "Mama, wanaigiza kama vipo." Kimya kidogo. "Anakoroga hewa, masikini."

Hapo bado nacheka. Kilichotuponza ni maswali. Kwenye tendo la kwanza Meneja anawaambia watazamaji wenye swali wamuulize mhariri wa gazeti, Bwana Webb, na kuna waigizaji wamepandikizwa kwenye viti vya watazamaji, mmoja anauliza kama kuna ulevi mwingi kijijini, mwingine anauliza kwa hasira mambo ya haki. Mama hakujua wale wamepangwa, yeye akaelewa kwamba hapa ukiwa na neno unanyoosha mkono.

Tukafika tendo la tatu, 1913, makaburini. Wafu wanakaa kwenye viti vya kawaida kwa mistari, wanaangalia mbele, na dairekta alikuwa ametuchimba biti, hakuna kujikuna, hakuna kugeuza shingo, wafu wameshaanza kuwasahau walio hai. Mi niko mstari wa pili, mbele yangu kiti kitupu cha Emily, binti wa yule Bwana Webb, ambaye ndo anazikwa. Mama kuniona tu, "Yuleee! Baba yangu yule!" ananipungia. Mi nimekufa, sijibu. "Wanasubiri nini pale, daktari?" Mke wangu akakosea kusema ukweli. "Mama, wale wamekufa." "Wamekufa nani?" "Wote. Na huyo binti anakuja, kafa akijifungua."

Jamani. Mwenye mimba kakaa pembeni yake, mwanawe yuko makaburini, na marehemu wa uzazi anaingia kwa miguu yake. "Astaghfirullah, uchuro gani huu!" Akanyoosha mkono. Meneja wa Steji akauona mkono akasahau maneno, skripti haina swali pale. Mama hakusubiri, na jukwaa lenyewe ni sakafu tu ya ukumbi wa kanisa, hakuna ngazi wala pazia la kumzuia, huyo akaja na mkoba wake na kanga mbili mpaka mbele yangu. "Baba, inuka twende." Naangalia mbele. "Nasema na wewe! Hata kuniamkia huniamkii?" Nikatoa kwa pembe ya mdomo, "Shikamoo mama." Jirani yangu Bi Soames, marehemu wa siku nyingi, kiti chake kikaanza kutetemeka kwa kicheko. "Huinuki? Basi na mimi nakaa." Akakaa. Kwenye kiti cha Emily.

Emily kafika na gauni lake jeupe, kaburi lake lina mtu. Yule mzee Meneja, Mungu ampe maisha marefu, akaenda kuleta kiti kingine akakiweka pembeni, na kwa kuwa jioni nzima alikuwa anabeba viti, watazamaji wakaona ndo igizo lilivyo.

Angenyamaza tungepona. Lakini Emily anaomba arudi siku moja tu ya uhai wake, birthdei ya miaka 12, anamkuta mamake yuko bize na jiko, anamsihi amwangalie japo dakika moja, na yule mama kwa skripti haruhusiwi kumwangalia, hapo ndo uchungu wote wa igizo. Mama hajui hata neno moja la yale lakini alikuwa keshaelewa kuliko sisi wafu. Akafoka machozi yanamtoka, "We mwanamke! Si umwangalie mwanao!" Bi Webb akashtuka akageuka. Akamwangalia. Wakaangaliana! Emily kinywa wazi, maneno yanayofuata ni ya kulalamika kwamba hakuna anayemwangalia mwenzie, akayasema hivyohivyo huku mamake kamkodolea macho, mwigizaji mwenyewe analia kweli.

Walipiga makofi wamesimama. Watu wakapanga foleni kumshika mama mkono, bibi mmoja akamuuliza amesomea wapi uigizaji, mama akamjibu good morning. Dairekta naye akaja, nikajua nafukuzwa, kumbe anataka mama arudi Jumamosi, akae kiti kilekile.

Mama akafikiri. "Muulize wanalipa ngapi."

Nikamwambia mama hapa hakuna malipo, wote tunajitolea.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe na wewe umekufa bure?"