Saa moja ni saa ngapi?

Simu inaandika 07:00, sisi tunasoma saa moja asubuhi, wala hatushtuki. Anayeshangaa ni mgeni. Hesabu yetu huanza jua linapochomoza, na huku karibu na ikweta jua halibadili sana ratiba yake mwaka mzima. Ingekuwa London, ambako mchana wa Juni ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Desemba, hesabu hii isingefaa kitu.

Wapo wanaotaka tuiache, na hoja yao ina uzito. Tiketi ikiandikwa "saa 12:00" tu, abiria mmoja atafika alfajiri, mwingine adhuhuri. (Niliwahi kuachwa na basi hivyo hivyo.) Wapinzani wao wanajibu kuwa kuiacha ni kukubali saa ya mkoloni ndiyo saa. Nao wana kumbukumbu: tarehe 27 Agosti 1896, Zanzibar, Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa yao, hadi saa tatu asubuhi, tisa kwa hesabu yao, awe ameondoka kasrini. Dakika mbili baadaye mizinga ikalia.

Ila tukisema "yetu", tuwe waangalifu. Neno saa lenyewe ni la Kiarabu. Jumamosi hadi Jumatano tunahesabu mosi hadi tano, halafu inakuja Alhamisi, ambayo ni tano tena, ya Kiarabu: wiki moja, siku mbili za tano! Makunduchi, Unguja, nako sikukuu ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa, hufuata kalenda ya jua yenye asili ya Uajemi. Hayo yote hayakuja kwa hisani tupu, lakini tumeyakalia mpaka yamekuwa ya nyumbani. Kwa hiyo sioni ubaya tiketi ikiandikwa 06:00 nasi tukaendelea kuisoma saa kumi na mbili.

Nisichokubali ni mtu kuchelewa mkutano kisha akajitetea kwa "saa za Kiafrika" na haraka haraka haina baraka. Kejeli ya mkoloni kwamba hatujui wakati, leo tunaivaa kama kanzu ya sikukuu. Wahenga hao hao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na mvuvi wa Pemba hahitaji methali: akizubaa maji yakapwa, ngalawa inabaki mchangani.