Mkinga Aliyekwenda Ulaya Kusomea Biashara

Jamani, mimi ni Mkinga wa Makete. Naomba hilo litangulie, maana ndilo linalonitesa. Mkinga kwenda Uingereza kusomea biashara ni sawa na Mmasai kupanda ndege kwenda kusomea ng'ombe. Siku niliyotangaza nyumbani kwamba nimepata nafasi ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, baba mdogo, ambaye ana maduka mawili pale Mwanjelwa na cheti cha darasa la saba, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwani huko wanauza nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Safari yenyewe ilianza na mateso ya siku 28. Wenye visa yao wanataka kuona hela ya ada na ya kula miezi 9 imelala benki siku 28 mfululizo. Ikipungua siku moja tu, unaanza kuhesabu upya. Ukoo ukachanga: mama akavunja kikoba, mbao zikauzwa, baba mdogo akaweka fungu kubwa kuliko wote. Sasa mfanyabiashara kuambiwa hela imelala tu, haizunguki, haizai, ni kama kuambiwa mtoto kalazwa. Kila jioni simu.

"Bado imelala?"

"Imelala, baba mdogo."

"Haijageuka hata upande?"

Siku ya 19 akaja mwenyewe na kofia mkononi. Kuna mtu anauza mbolea kwa bei ya kutupa, anaomba laki nane tu, keshokutwa anairudisha na faida, wazungu hata hawatajua. Nililala na kadi ya benki ndani ya soksi siku 9 zilizobaki.

Nikafika. Kila mtu ananionea huruma ya baridi. Dada mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akaniita pembeni, akanieleza taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba, kwamba huku kwao jioni ya Oktoba huwa na ubaridi. Dada yangu, mimi nimekua jirani na Kitulo! Mwezi wa saba alfajiri unakuta barafu imetandika juu ya majani ya viazi kama mtu kamwaga chumvi. Nilimjibu niko sawa, akazidi kusikitika, akaniletea sweta. Nililipokea. Mkinga hakatai mali.

Kazi tuliruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Nikaosha vyombo kwa saa zangu 20. Shangazi yangu wa Uyole, kule Mbeya, aliposikia saa 20 alidhani ni kwa siku, akasema afadhali, angalau mtoto anapata usingizi.

Na alama! Hapo ndipo nilipoonekana mjinga ukoo mzima. Huko ukipata 50 umefaulu, ukifika 70 umeingia daraja la juu kabisa, watu wanakupongeza. Nikampigia mama kwa furaha kwamba nimepata 68. Kimya. Halafu kwa sauti ya chini, "Uliumwa?" Nikajieleza mpaka salio likakata. Baadaye nikasikia amewaambia majirani kwamba huko hata walimu wenyewe somo limewashinda.

Basi. Shahada ni ya mwaka mmoja, na miezi ya mwisho unaachiwa uhangaike na tasnifu. Mimi kwa kiherehere changu nikaandika kichwa cha maneno 19 kuhusu wafanyabiashara wa viazi wa Uyole na namna wanavyopanga bei. Msimamizi akafurahi sana, akasema jambo hilo ni jipya. Ni jipya kwake. Nikarudi Mbeya na madodoso 60 kwenye begi, na fomu ya ridhaa ya kurasa mbili kwa kila mshiriki, maana kamati ya maadili ya chuo haikuruhusu nimwulize mtu hata habari za asubuhi kabla hajasaini.

Fomu hiyo nimeitafsiri mwenyewe, naijua kwa moyo. Majina hayatatajwa. Majibu yatafungiwa kabatini. Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

Siku ya kwanza nimefika saa moja asubuhi, ukungu haujapanda, makuli wanapakia fuso. Nikamwendea mzee mmoja aliyeketi kwenye ndoo. Nyuma yake limesimama gunia la lumbesa, limevimba, limevishwa kilemba cha kamba hadi linamzidi kimo mwenye nalo. Mzee akaipokea fomu, akaisoma kwa kidole. Kidole kikafika kwenye "mapato", kikasimama. Kikafika kwenye "saini", kikasimama tena. Akanitazama viatu.

"Wewe ni wa TRA?"

"Hapana, mzee wangu. Ni mwanafunzi."

"Wa vipimo?"

Nikaelewa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na lile la nyuma yake lilikuwa kama limemeza jingine. Naapa sikulitazama. Lakini mluzi ukapigwa mahali fulani, na ndani ya dakika 10 maturubai yameshuka juu ya magunia yote, mstari mzima hauna mtu. Kamebaki kambwa kamoja na mimi. Wote walijitoa bila kutoa sababu, sawasawa na fomu inavyosema.

Darasani tulifundishwa nguvu tano za soko za Michael Porter, profesa wa biashara wa Marekani, aliziandika mwaka 1979. Namheshimu. Lakini angekaa Uyole wiki moja angeongeza ya sita, dalali. Dalali mmoja alikubali kunitafutia washiriki kwa elfu mbili kila kichwa. Akaniletea sita, wote wadogo zake, wote wamejibu "nakubali sana" mpaka pale palipoandikwa jinsia.

Nikakimbilia kwa shangazi. Ana kibanda chake cha viazi, biashara anaijua, na ananipenda.

"Swali la 4, shangazi. 'Ninaridhika na upatikanaji wa mikopo.' Unakubali sana, unakubali, huna uhakika, hukubali, au hukubali kabisa?"

"Unasema wale wa kausha damu?"

"Mikopo yoyote. Chagua moja tu."

"Juzi wamebeba kitanda cha jirani."

"Kwa hiyo niweke 'sikubali kabisa'?"

"Weka wamebeba kitanda."

"Hakuna kisanduku cha kitanda, shangazi."

"Sasa fomu gani hiyo ya biashara haina kitanda?"

Nikaandika pembeni: wamebeba kitanda. Tulipofika swali la 9, mapato kwa mwezi, aliwafukuza watoto, akachungulia nje, akanitajia sikioni. Jamani. Nilikaa chini. Halafu akanishika mkono, "Mzee wangu asijue. Yeye anajua tunaponea chupuchupu." Nikamwapia kwa jina la kamati ya maadili. Nikamwonyesha, jina lako halipo, hapa umeandikwa Mshiriki wa 7. Akaridhika, akanipikia.

Nikaliacha begi kwake usiku huo kwa sababu mvua ya ajabu ilinyesha, na bodaboda hawaaminiki na makaratasi. Hapo ndipo nilipokosea. Mjukuu wake wa darasa la tatu aliona karatasi nyingi zimeandikwa upande mmoja, akaziona ni mtaji. Kachukua rundo, kampelekea mama wa maandazi stendi, kalipwa mia tano. Huyo ndiye Mkinga, hakusomea popote.

Asubuhi nafika stendi nakuta kijiwe cha bodaboda kinanguruma. Mmoja kashika andazi mkono wa kushoto, mkono wa kulia karatasi yenye mafuta, anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Mshiriki wa 7! Umri, miaka 51! Mapato kwa mwezi..." Akataja. Watu wakapiga mluzi. Wakaanza kubishana ni nani, mwanamke wa miaka 51, anauza viazi, ana hela kiasi hicho. Mbishi mmoja akasema hayupo Uyole nzima. Yule msomaji akageuza karatasi upande, "Subirini, hapa pembeni kuna maneno ya mkono. 'Wamebeba kitanda.'"

Kwenye benchi la mama wa maandazi, mzee mmoja aliyekuwa anapuliza chai yake aliweka kikombe chini. Mzee wa shangazi.

Saa mbili usiku shangazi akanibipu. Nikapiga. Hakunisalimia. Alisema anajitoa kwenye utafiti. Fomu inamruhusu kujitoa bila kutoa sababu. Yeye alizitoa zote, dakika 40, kwa salio langu.