Mwisho Ngapi, Boss?

Nauza lenzi ya makro, Canon EF 50mm f/2.5, mtumba safi. Kwenye tangazo nimeandika kila kitu: haina zoom, ni ya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu, wadudu, maua, pete za harusi. Bei nimeweka. Ujumbe wa kwanza unaingia: "Bei?" Wa pili: "Mwisho ngapi boss?" Hata salamu hakuna.

Halafu wanakuja wajuaji. "Inavuta mbali? Nataka ya kupigia mpira Kwa Mkapa." Ndugu yangu, hii ni ya sisimizi! Nikisema ukweli kwamba inaishia nusu ya ukubwa halisi, yaani mdudu wa sentimita 2 anatua kwenye sensa ya kamera, pale picha inaponaswa, akiwa na sentimita 1, naambiwa, "Kumbe mbovu." Mbovu wapi? Ndivyo ilivyotengenezwa.

Ila aliyenichosha kabisa ni wa Kariakoo. Tumekubaliana saa nane, Msimbazi. Jua la Dar unalijua, na begi nimelikumbatia kifuani nikihofia vibaka. "Niko njiani kaka, foleni." Anatokea saa kumi. Anamulika kioo kwa tochi ya simu kutafuta fangasi (hapo nampa heshima yake, unyevu wa hapa unakula lenzi kweli), haoni hata doa, kisha anatoa elfu hamsini. Hamsini! "Iliyobaki mwisho wa mwezi, mkuu, tuaminiane."

Nikakataa. Akaniomba nauli ya bodaboda.