Aksolotli na ute wa manjano
Mhariri, makala yenu imemweka aksolotli, salamanda (amfibia mwenye mkia) wa Xochimilco nchini Meksiko, pamoja na ute wa manjano uitwao Physarum polycephalum katika kundi la "wanyama wanaojiponya", ilhali huo wa pili si mnyama wala kuvu, bali ni seli moja kubwa yenye viini vingi, itambaayo juu ya magogo yaliyooza. Aksolotli akikatwa mguu huotesha mwingine, mifupa na neva zikiwamo. Ute ukikatwa, kila kipande huendelea kuishi, na vikikutana huungana tena, jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Wenzangu wa Mombasa mnaotaka kumfuga aksolotli, fahamuni kwamba yeye anahitaji maji ya nyuzijoto 16 hadi 18 hivi za Selsiasi, na joto letu la Februari litamdhuru.