Tupeni godauni, jipsamu hatuhitaji

Jamani, Mbeya hapa ukikaa na wasanii utasikia jambo lilelile kila mwaka, mkoa hauna kituo cha sanaa, hakuna pa kufanyia mazoezi, tunasubiri kujengewa, na wakati huohuo ukipanda bajaji kwenda Iyunga unapita magodauni yamekaa tu na makufuli yake, mengine hayajafunguliwa kwa kazi ya maana tangu mashirika ya umma yabinafsishwe miaka ya 90, mabati yamepauka na nyasi zimefika madirishani. Mimi nasema tusijengewe kitu kipya. Tupewe godauni moja, watu waingie kwanza, ukarabati uwafuate humohumo ndani.

Kuna moja huwa napita Jumamosi mchana, silitaji maana na mwenye nalo bado hatujakaa. Kwa nje lina ile baraza ya zege ya kupakilia mizigo, imekuja usawa wa kiuno ili lori likirudi nyuma bodi ilingane nayo, na zege lake limesuguliwa na magunia miaka yote hiyo mpaka limekuwa laini kabisa. Sasa pale juu kuna vijana wanadansi na spika yao ndogo ya kuchaji, watoto wa mtaani wamekaa chini kwenye kokoto wanaangalia, yaani jukwaa lipo na watazamaji wameshafika. Nilimwamkia mzee mlinzi nikamuuliza hawa hawakusumbui baba? Akasema, "Marahaba mwanangu. Waache wacheze, tangu waanze kuja hapa wezi wa mabati siwaoni tena."

Mzee yule kaongea jambo kubwa sana. Jengo linakufa kwa kukosa watu, bati moja likitoka mvua inaingia, kenchi zinaoza, nyaya zinang'olewa, basi miaka michache tu mtu anakuja kusema bomoa.

Na hili halijaanza kwetu. Kule São Paulo, Brazil, kulikuwa na kiwanda cha kutengeneza mapipa ya chuma kimeachwa, shirika moja la huduma za jamii linaloitwa SESC likakinunua, na miaka ya 70 kazi akapewa msanifu majengo Lina Bo Bardi. Alipokwenda kukiona wikiendi akakuta kumbe watu wameshaingia zamani, watoto wanacheza mpira chini ya paa linalovuja na akina mama wanapika. Akaamua yale maisha yabaki vilevile. Akabandua plasta matofali yakaonekana, akaweka maktaba, karakana za ufundi na ukumbi wa maigizo, na kwenye ile sebule kubwa ya kiwanda akajenga meko ya kuotea moto. Milango ikafunguliwa 1982. Hilo la meko lilinigusa sana, nani wa Mbeya hajui Juni na Julai mazoezi yanavyokatika saa kumi na moja jioni kwa sababu ya baridi tu?

Hapa karibu pia wapo. Kituo cha sanaa cha GoDown, Nairobi, kilianza 2003 kwenye godauni eneo la viwanda, na kile cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar, kilianza 2008, wachoraji wanafanyia kazi kwenye makontena. Iringa nao jengo la boma la Mjerumani wamelifanya makumbusho na kituo cha utamaduni. Mbeya tunangoja nini?

Kuna mambo ya kuwa nayo makini kabisa. Kwanza paa. Majengo ya zamani mengi yaliezekwa kwa asbesto, ile vumbi lake ukilivuta linakaa kwenye mapafu na linaleta kansa baada ya miaka mingi, kwa hiyo asipande mtu na nyundo kwa moyo wa kujitolea, wataalamu waite, liloweshwe, litolewe zimazima, na baraza la mazingira, NEMC, wajue. Pili umeme, nyaya za kiwandani za zamani zisiunganishwe na mziki hivihivi. Tatu kelele za mvua, Januari chini ya bati tupu mwigizaji hasikiki hata mstari wa mbele, hapo inatakiwa dari, na mbao za paini zipo Mafinga, mkoa jirani wa Iringa, mafundi seremala wetu wanaziweza. Hizo jipsamu za maua na taa za rangirangi za nini?

Naongea kwa uchungu maana najua zinakoelekea. Ukiweka jipsamu na marumaru, ni ukumbi wa harusi huo. Kikundi chetu kiliwahi kuahidiwa ukumbi mmoja hapa mjini, tukashiriki kupaka rangi wenyewe, ulipopendeza tu tukaambiwa kukodi ni kwa siku na bei ni ya sherehe, Jumamosi hatupati kabisa. Ngoma zetu tukarudi nazo chini ya mti.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri na wenye magodauni ni mkataba wa maandishi, wa miaka mingi, kwa sababu hakuna mtu atakayetengeneza paa la jengo analoweza kufukuzwa mwezi ujao. Vifaa tutatafuta, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo, vikundi vya sanaa navyo vijisajili viombe. Na funguo zikae kwa kamati yenye wacheza ngoma, wachoraji, mafundi cherehani na wazazi wa mtaa ule, harusi zipangiwe siku zake chache ili zilipie umeme na maji. Jumamosi ibaki ya vijana, na hiyo iandikwe kwenye mkataba.