Mawe yanang'aa, wapagazi je?

Mhariri, kwenye makala yake mwandishi wako kasifu usafi wa makaburi ya vita pale Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Dar, na kweli panapendeza: majani yamekatwa, mawe yamepangwa mstari mmoja. Ila hakugusia kwamba makaburi 660 ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalihamishiwa pale mwaka 1968 kutoka Ocean Road, kupisha barabara mpya.

Lakini hilo dogo. Kubwa ni wapagazi, wale waliobeba mizigo ya jeshi la Mwingereza wakafa kwa njaa, kuhara na malaria. Wengi mno hawana kaburi wala jina popote. Na hiyo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi hayo, ilikiri hilo mwaka 2021 na kuomba radhi.

Sasa nendeni Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, kumbukumbu ya Waafrika waliotumika katika vita hiyo, iliyowekwa 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi, ndugu zangu, wakati hata kuandikwa halikuandikwa? (Nchi yenyewe ilikuwa ya nani, tuache kwanza.) Mhariri, mtume mwandishi wako vijijini akawaulize wazee, bado wapo wanaosimulia babu zao waliochukuliwa wasirudi.